Kijana wa Forodhani, wembe wa kuazima na kifua kinachowasha

Unguja. Maji yakijaa jioni, ukuta wa bahari wa Forodhani hugeuka uwanja wa michezo. Vijana hujipanga mmoja nyuma ya mwenzake, hurudi hatua kadhaa, hukimbia na kuruka. Mmoja huenda kichwa chini, mwingine hujikunja kama mpira, mwingine hupiga yowe kabla hajagusa maji. Wageni wametoa simu wanarekodi. Akina mama waliokuja na watoto wamekaa bustanini wakisubiri wauzaji wa mishikaki wawashe majiko. Nyuma yao ipo Ngome Kongwe, na pembeni yake Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Vijana karibu wote wako vifua wazi. Mmoja tu hajavua.

Ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na anaruka na fulana nyeusi. Kila akitoka majini fulana inamganda, naye huishika kwa vidole viwili na kuivuta mbele isimguse kifuani. Wenzake wanamtania.

“Sheikh, vua bwana! Bahari haina baridi leo.”

Anacheka, anarudi nyuma, anaruka tena. Lakini akipanda ukutani mara ya tatu anakaa pembeni. Maji ya chumvi yamemchoma vya kutosha.

Kilichomo chini ya fulana kilianza wiki tatu nyuma. Kulikuwa na harusi ya kaka wa rafiki yake, na vijana wanne walitaka kupendeza kwenye picha, kola zikiwa wazi kidogo. Walijifungia chooni nyumbani kwa mmoja wao na kunyoana vifua. Walikuwa na nyembe mbili, sabuni ya kufulia na kioo cha mkononi. Siku ya pili kifua kiliwasha. Siku ya tatu vilitoka vipele. Siku ya nne kijana huyu alivinyoa vile vipele akidhani atavisawazisha.

Nyumbani hakumwambia mtu. Mama alimwuliza mara moja mbona siku hizi analala na fulana kwenye joto lote hili. Akajibu ni mbu. Yakaishia hapo.

Malaika yanapobadilika

Kiswahili kina neno zuri kwa vinywele laini vinavyofunika mwili wa mtoto: malaika. Mvulana anapobalehe, homoni za kiume hubadilisha sehemu ya malaika hayo kuwa nywele nene na nyeusi. Huanza sehemu za siri, kisha kwapani, kisha usoni. Kifua mara nyingi huja mwishoni, na kwa wanaume wengi nywele zake huendelea kuongezeka hata baada ya miaka 20.

Kwa hiyo darasa moja la kidato cha nne linaweza kuwa na kijana mwenye kifua kama cha baba yake na mwingine asiye na hata unywele mmoja. Wote wawili ni wazima. Wingi wa nywele za kifuani huamuliwa zaidi na urithi na jinsi mwili unavyoitikia homoni. Haupimi nguvu, uanaume wala uwezo wa kuzaa.

Ipo pia imani kwamba ukinyoa mara moja nywele zitarudi nene zaidi. Wembe hukata unywele juu ya ngozi na haufiki kwenye shina lake. Unywele ambao haujakatwa una ncha nyembamba, uliokatwa una ncha butu. Ndiyo maana unapoota unakwaruza kiganja na kuonekana mnene, lakini ni uleule.

Hakuna sababu ya kiafya inayomlazimu mtu kuondoa nywele za kifuani. Ni uamuzi wa mapambo kama kuchana nywele. Hata katika mafunzo ya dini ambayo watoto wengi wa Unguja huyapata madrasa, nywele zinazotajwa kuondolewa bila kupitisha siku 40 ni za kwapani na za sehemu za siri. Kifua hakimo. Kijana asiyetaka kunyoa kifua hana deni kwa mtu, na anayetaka anahitaji kujua namna.

Tabu ni nani wa kumfundisha. Msichana wa mjini Unguja akikaribia kuolewa ana somo wake. Ataambiwa habari za mwili wake, atasuguliwa singo, atapakwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe la msio. Wavulana wa zamani walikuwa na jando, ambako pamoja na kutahiriwa walisikia mambo ya utu uzima kutoka kwa wakubwa. Siku hizi wengi wanatahiriwa hospitali wakiwa wadogo, hata kumbukumbu hawana. Dawa ya ganzi wamepata, ila mazungumzo hawakuyapata. Mwalimu aliyebaki ni rafiki wa rika moja mwenye wembe, au video ya dakika moja kwenye simu.

Kiti cha kinyozi

Kutoka Forodhani hadi Darajani ni mwendo mfupi kwa anayezijua njia. Unapita ubavuni mwa Ngome Kongwe, unaingia Gizenga penye maduka ya vinyago na vitambaa, kisha vichochoro vinakubana mpaka unapopishana na baskeli inabidi ujibanze ukutani. Mnara wa kanisa la Mkunazini ukionekana, umeshakaribia sokoni. Harufu inabadilika kutoka karafuu na mdalasini kuwa pweza na dagaa.

Katika kimojawapo cha vichochoro hivyo kuna chumba cha kinyozi chenye viti viwili, feni moja na picha za mitindo ya nywele zilizopauka kwa jua. Kinyozi ni mtu mzima, amekata nywele za baba na sasa anakata za wajukuu. Kijana wa fulana nyeusi anaingia nywele zikiwa bado mbichi kwa maji ya bahari.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, baba. Kichwa au ndevu?”

“Kifua.”

Kinyozi anazima mashine. Anamwomba mteja mwingine radhi, anavuta pazia la mlangoni.

“Hebu nione.”

Kijana anapandisha fulana. Katikati ya kifua kuna vipele zaidi ya ishirini, vingine vina usaha kichwani. Chini kidogo, juu ya mfupa, kimoja ni kigumu na kinang’aa, ukubwa wa punje ya choroko.

“Wembe wa nani huu?”

“Tulikuwa wanne, ami.”

“Nyembe ngapi?”

“Mbili.”

Kinyozi anavuta kiti na kukaa mbele yake. “Leo sinyoi. Nikikunyoa leo nitakula pesa yako na nitakuachia donda. Mama yako anajua?”

Kijana anatazama sakafu.

Vinyozi wanaijua hali hii kwa sababu wanaiona kila siku kwenye shingo na videvu. Nywele za watu wengi wenye asili ya Afrika zimejipinda. Unapozikata karibu sana na ngozi, ncha iliyochongoka inapoanza kuota hujikunja na kurudi kuchoma ngozi kutoka nje, au hupenya pembeni kabla hata haijatokeza. Mwili huuona unywele huo kama mwiba. Hapo hutokea uvimbe, muwasho na alama nyeusi zinazokaa kwa miezi. Bakteria wakiingia kwenye tundu la unywele, kipele hutunga usaha.

Kwa hiyo kunyoa mpaka ngozi ing’ae, jambo ambalo vijana wengi hulitafuta, ndiyo mzizi wa vipele vingi.

Rafuni kwa kinyozi kuna chupa ya spiriti na kipande cha shabu. Shabu husaidia kufunga damu pale wembe ulipokwaruza. Spiriti anaitumia kufutia mashine, na hufanya hivyo baada ya kuipiga brashi ili nywele zilizokwama zitoke, kisha anaiacha ikauke kabla ya mteja mwingine. Kijana anaomba apakwe spiriti hiyo kifuani “iue wadudu”. Kinyozi anakataa. Spiriti kwenye ngozi iliyokwishachubuka huunguza na kuikausha, na ngozi kavu huwasha zaidi.

“Ngozi yako inataka kupumzika, baba. Mwezi mmoja usiguse wembe. Na leo hii hii umwambie mama, umsikie hospitali atakupeleka lini.”

Maduka ya Darajani

Mbele ya soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, barabara imejaa daladala, maduka ya dawa na maduka ya vipodozi. Kijana mwenye pesa kidogo mfukoni anaweza kununua karibu kila njia ya kuondoa nywele bila kuulizwa swali hata moja. Mzazi akizijua njia hizo ana la kusema mtoto anapouliza.

Iliyo salama kuliko zote ni kupunguza tu kwa mashine ya umeme au ya betri, huku ikiwa na kichana chake, na kuacha nywele za milimita moja hadi tatu. Mashine haigusi ngozi moja kwa moja, ncha ya unywele inabaki nje, na haina nafasi ya kujikunja ikachoma ndani. Kifua hakitang’aa, lakini kitaonekana nadhifu. Kwa kijana ambaye tayari hupata vipele shingoni akinyoa ndevu, hii ndiyo njia ya kuchagua.

Ipo krimu ya kuondoa nywele, na ipo poda ya kunyolea inayokorogwa na maji. Hizi ni kemikali zinazoyeyusha unywele. Zinapunguza vipele vya nywele zilizojipinda kwa sababu hazichongi ncha, lakini zinaweza kuunguza ngozi. Anayetaka kuzitumia ajaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono na asubiri saa 24. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zisizidishwe hata kama nywele bado zinaonekana. Isipakwe juu ya chuchu, kidonda, kipele wala ngozi iliyonyolewa siku hiyo. Ikianza kuunguza, ioshwe mara moja kwa maji mengi.

Ipo nta, na ipo ndugu yake wa jikoni, sukari iliyopikwa na ndimu, ambayo wanawake wa pwani wameitumia miaka mingi. Zote mbili hung’oa unywele na shina lake. Kifua hukaa laini kwa wiki kadhaa, lakini maumivu si haba, nta ya moto huunguza, na nywele zilizojipinda zinaweza kupotea njia chini ya ngozi wakati wa kuota. Anayetumia vidonge vya isotretinoin kwa ajili ya chunusi kali asiguse nta kabisa, kwa kuwa ngozi yake hubanduka kirahisi.

Mionzi ya leza ipo katika miji mikubwa na ni ghali. Kwa ngozi nyeusi inahitaji mashine ya aina maalumu na mtaalamu anayeijua ngozi hiyo, la sivyo huacha makovu ya moto. Si jambo la kijana wa sekondari.

Kuna jingine linalouzwa karibu na hayo yote: mkorogo. Vijana wenye alama nyeusi za vipele hushawishika kupaka krimu za kujichubua ili zifutike. Nyingi huwa na steroidi kali au zebaki. Steroidi ikipakwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari hufanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu, vipele huongezeka, na alama huwa mbaya kuliko mwanzo.

Anayeamua kutumia wembe

Wapo watakaonyoa tu, hata waambiwe nini. Kwa hao utaratibu ni huu, na kila hatua ina sababu yake.

Asinyoe juu ya vipele, kidonda au chunusi. Asubiri ngozi ipone.

Kama nywele ni ndefu, azipunguze kwanza kwa mashine au mkasi ili wembe usivute.

Anyoe baada ya kuoga, au aweke taulo lenye maji ya vuguvugu kifuani kwa dakika tatu hadi tano. Unywele uliolowa ni laini na hukatika bila kuvutwa.

Apake povu au jeli ya kunyolea isiyo na manukato. Sabuni ya kufulia haifai, inakausha ngozi. Kunyoa kavu ndiyo mbaya zaidi.

Wembe uwe mpya, mkali, na wa mtu mmoja. Wa kidole kimoja wenye mpini ni rahisi kuutawala kuliko wembe mtupu unaoshikwa mkononi.

Apapase kwanza kwa kiganja ajue nywele zimelala upande gani, maana kifuani hubadilika mwelekeo kila sehemu. Anyoe kufuata zilivyolala, kwa mkono mwepesi, pasi moja tu. Asivute ngozi kuikaza, kwa sababu ikiachiwa ncha za nywele huzama ndani. Aoshe wembe kila baada ya mpito mmoja au miwili. Azunguke mbali na chuchu na vidutu.

Akimaliza, amwagie maji ya baridi, akaushe kwa kugusagusa na taulo safi bila kusugua, kisha apake mafuta ya mgando au losheni isiyo na manukato. Spiriti, pafyumu na dawa ya kwapa vikae mbali. Avae shati jepesi lisilobana. Bahari, mpira na mazoezi mazito visubiri kesho yake, kwa kuwa chumvi na jasho juu ya ngozi iliyonyolewa huwasha moto.

Mwisho, wembe uliotumika utiwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kabla ya kutupwa. Ukitupwa wazi, utamkata mtoto au mzoa taka.

Ngazi za Michenzani

Ukivuka barabara ya Darajani unaingia Ng’ambo, na haupiti muda mrefu unayaona majumba ya Michenzani, marefu kama behewa za treni zilizosimama. Yalijengwa miaka ya 1970 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Familia nyingi zinaishi humo, ngazi moja juu ya nyingine, na siri za nyumba hazikai muda mrefu.

Mama wa kijana anauza urojo chini ya jengo jioni. Usiku huo mwanawe anamsaidia kupandisha sufuria, na ngazi ya pili anasimama.

“Mama, nina kitu kifuani.”

Mama anaweka ndoo chini. Anamulika kwa simu. Anatazama muda mrefu bila kusema.

“Tangu lini?”

“Wiki tatu.”

“Wiki tatu unalala na fulana, nami nakubali ni mbu.”

Hakugomba. Alimwuliza maswali matatu tu: nani walikuwepo, damu ilitoka, na nyembe zile zilipita kwa wangapi. Damu ilitoka, kidogo kidogo kwa kila mmoja. Nyembe zilipita kwa wote.

Asubuhi walikwenda hospitali, kwenye kliniki ya ngozi. Wataalamu wa ngozi si wengi, ingawa Tanzania ina bahati ya kuwa na kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, kilichopo Hospitali ya KCMC mjini Moshi tangu mwaka 1992. Mhudumu aliyempokea kijana alitenganisha mambo matatu.

La kwanza ni vipele. Hivyo vitapona. Alipewa dawa ya kupaka, akaambiwa akande kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu mara kadhaa kwa siku, asivitumbue, asinyoe, asichokoe nywele kwa sindano. Kama vingeenea haraka, ngozi ingekuwa ya moto na nyekundu au angepata homa, alitakiwa kurudi siku hiyohiyo.

La pili ni ile punje ngumu. Mhudumu aliibonyeza taratibu na kuuliza kama inawasha na kama inakua. Vyote ndiyo. Ngozi nyeusi ina tabia ya kutengeneza keloidi, kovu linaloendelea kukua kupita mipaka ya kidonda chenyewe, na katikati ya kifua ni mojawapo ya sehemu zinazopata keloidi kirahisi, pamoja na mabega na ndewe za masikio. Kipele kidogo au mkwaruzo unatosha kuianzisha. Watu huikata wakidhani wameimaliza, nayo hurudi kubwa zaidi. Tiba ya kawaida ya keloidi ndogo ni sindano ya dawa ndani ya kovu, kila baada ya wiki kadhaa, na ikiwahiwa ikiwa changa ndiyo bora. Mama akakumbuka kovu la begani mwa mjomba wa kijana, lililoanza na jipu. Keloidi hufuata ukoo, na kijana ambaye nyumbani kwao zipo ana sababu kubwa zaidi ya kutumia mashine na kuacha wembe.

La tatu ni damu. Wembe uliomkata mtu mmoja ukamkata na mwingine unaweza kupitisha homa ya ini B na, kwa uwezekano mdogo zaidi, virusi vya Ukimwi. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili, hata kwenye damu iliyokauka, kwa siku zisizopungua 7. Kusuuza wembe kwa maji ya bomba hakukiondoi.

“Kadi ya kliniki ya mtoto mnayo?” mhudumu aliuliza.

Mama alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba, pamoja na cheti cha kuzaliwa, miaka 17 sasa. Kadi imelegea kwenye mikunjo lakini alama za chanjo zinasomeka, na ya homa ya ini B imo katika zile za utotoni. Hilo lilimpa mhudumu nafuu, na kijana akapimwa vilevile.

Kwa virusi vya Ukimwi hali ni tofauti. Zipo dawa za kinga anazoweza kupewa mtu aliyekutana na damu ya mwingine, lakini lazima zianze ndani ya saa 72. Kijana alikuwa amekaa kimya wiki tatu. Hatari yenyewe ni ndogo, mhudumu alirudia hilo mara mbili, lakini dirisha la dawa lilikuwa limefungwa wakati mama anaambiwa ni mbu. Kipimo cha siku hiyo kilikuwa salama. Kingine ni miezi mitatu baada ya tukio.

Vijana wengine watatu nao waliitwa na wazazi wao. Mama aliwapigia mmoja mmoja, na haikuwa simu rahisi. Mzazi mmoja aliuliza kwa ukali kwa nini watoto wake wahusishwe na mambo hayo. Kesho yake alimpeleka mwanawe.

Kabla hajafunga mlango

Mzazi hahitaji hotuba. Mvulana wa miaka 13 au 14 anapoanza kuwa na harufu ya kwapa na kidevu chenye vivuli, ameshafika umri wa kuwa na wembe wake mwenyewe, au mashine ndogo, na kuambiwa kwa sentensi moja kwamba hivi havikopeshwi hata kwa ndugu wa damu. Vikae mahali pake bafuni kama mswaki. Baba, mjomba au kaka mkubwa anaweza kumwonyesha mara ya kwanza jinsi ya kunyoa, kama anavyomwonyesha kufunga tai. Nyumba isiyo na baba, mama anatosha, na kinyozi mwaminifu ni msaada.

Mtoto akianza kulala na fulana kwenye joto, kukataa kuogelea au kukunakuna kifua, swali la pili ndilo linalofaa. La kwanza atalijibu kwa mbu.

Na kijana akisema hataki kunyoa ilhali wenzake wananyoa, aambiwe waziwazi kwamba hapungukiwi kitu.

Siku kadhaa baadaye, kinyozi wa kichochoroni alimpa kijana kichana kidogo cha mashine, cha milimita tatu, kilichokuwa kimebaki kwenye seti ya zamani. Alimwambia kitamfaa mwezi ukiisha.

Forodhani maji yamejaa tena. Kijana ameruhusiwa kuogelea, vipele vimekauka na kuacha alama nyeusi, na punje ya kifuani imepigwa sindano ya kwanza. Bado anaruka na fulana. Sasa haivuti mbele akitoka majini. Anapanda ukutani, anaikamua akiwa ameivaa, na anamwuliza aliye mbele yake zamu ni ya nani. Mmoja wa wale wanne yumo kwenye mstari. Wote wawili wanaijua tarehe ya kipimo cha pili. Mama ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni.